Andrea Kaggwa na Saa ya Mafundisho ya Nyumbani

Saa kumi na mbili ya jioni ni saa ngumu katika nyumba nyingi za Wakristo. Mifugo imerudi, maji hayajaletwa, moto haujawaka vizuri, mtoto mchanga analia, na wale wakubwa wametoka shuleni na madaftari ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyatazama. Pita Mutuka, pale Babati mjini, wakati wa kuvuna mahindi na mbaazi, nawe utaliona jambo hilo nyumba hata nyumba. Wazazi ni watu wema, watoto si wabaya, wala hakuna aliyekusudia kuwanyima mafundisho. Ila siku imekwisha. Sala ya jioni yasaliwa upesi upesi, nusu ya watoto wakiwa wamekwisha lala. Katekisimu yaachiwa katekista, na kusoma kwaachiwa mwalimu.

Wazazi wa namna hiyo huuliza wafundishe saa ngapi, na swali lao ni la haki. Mwenye mtoto mmoja aweza kumfundisha huku akichambua mboga. Lakini mwenye watoto sita, mmoja akijifunza kushika kalamu na mwingine akijiweka tayari kwa Kipaimara, asipoipanga siku yake atajikuta kila siku anamhudumia yule anayelia kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Wala tusieleweke vibaya: hatusemi watoto waondolewe shuleni. Sheria ya nchi yamtaka mtoto aende shule, na shule ni jambo jema. Twanena habari za ile shule ya kwanza, ambayo mwalimu wake mkuu ni baba na msaidizi wake ni mama, au pengine kinyume chake, kama ilivyo katika nyumba nyingi.

Kwa ajili hiyo leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye kazi zake zilikuwa nyingi kuliko za wengi wetu, ambaye alizungukwa na vijana na watoto, na ambaye hata hivyo aliwafundisha. Na mwishoni akauawa kwa sababu ya kuwafundisha watoto. Jina lake hutajwa kila mwaka tarehe 3 Juni pamoja na wenzake. Lakini tukisema Mashahidi wa Uganda, wengi wetu hukumbuka Karoli Lwanga na kijana Kizito, kisha twanyamaza. Andrea Kaggwa, mtu mzima mwenye mke, mwenye nyumba na mwenye cheo, huyo twampita.

Alizaliwa Bunyoro, yapata mwaka 1856. Hakwenda Buganda kwa hiari yake. Siku zile majeshi ya Buganda yalikuwa yakivamia nchi ya jirani na kurudi na ng'ombe, wanawake na watoto. Naye, angali mtoto mdogo, akachukuliwa pamoja na mateka wengine. Hivyo huyu ambaye baadaye alifundisha watoto wa watu wakuu, mwenyewe alinyang'anywa nyumba ya wazazi wake kabla hajamaliza kulelewa. Msomaji afikiri mwenyewe kama jambo hilo lilimwachia alama gani. Sisi twaona ya kuwa mtu aliyekosa kitu utotoni hukijua thamani yake kupita yule aliyekipata bila kukiomba.

Aliwekwa katika jumba la mfalme, Kabaka Mutesa, kuwa miongoni mwa vijana watumishi. Alikuwa na akili nyepesi na tabia njema, akapendwa. Akajifunza kupiga ngoma, akaendelea mpaka akawa mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, cheo kilichompatia jina la Mgowa na shamba la kukaa huko Kigowa, upande wa Natete. Hiyo haikuwa kazi ndogo. Mfalme alipotoka kuwinda, wapiga ngoma walitoka. Mfalme alipohama jumba, walihama naye. Mkuu wao alikuwa na vijana wengi mkononi mwake, wa kuwafunza na kuwatunza, na saa zake hazikuwa zake mwenyewe.

Tarehe 17 Februari 1879 Padri Simeoni Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walifika Buganda. Kaggwa akawa mmoja wa wale waliowaendea mapema. Alifuata mafundisho, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882, siku ile ile aliyobatizwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mke wake aliitwa Klara Batudde. Yafaa tukumbuke ya kuwa mtu wa cheo chake, katika nchi ile na wakati ule, alitazamiwa kuwa na wake wengi, maana wingi wa wake ulikuwa ndio heshima. Yeye akakaa na mmoja. Kwa kufanya hivyo tu alikuwa amekwisha fundisha somo la kwanza, nalo halihitaji kitabu.

Tauni ilipozuka nchini, watu waliwakimbia wagonjwa wao. Kaggwa hakukimbia. Aliwaendea, akawauguza, akawafundisha yaliyo ya lazima, akawabatiza waliokuwa katika kufa, akawazika waliokufa. Vijana wa nyumbani kwake walimwona akifanya hayo yote.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Novemba 1882, miezi michache tu baada ya Kaggwa kubatizwa, Mapadre waliona hatari imezidi, wakaondoka Buganda wakavuka ziwa kwenda kusini, nao wakafanya kituo chao Bukumbi, katika nchi ambayo leo ni mkoa wetu wa Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa, wala maungamo, wala padri wa kuulizwa neno. Wakristo waliobaki walikuwa wachache, tena wachanga katika imani. Mwenye kukisia angesema ya kuwa moto huo utazimika.

Haukuzimika, kwa sababu uligawanywa katika nyumba. Huko Mityana ulikuwa nyumbani kwa Matia Mulumba. Ndani ya jumba la mfalme Balikuddembe aliwafundisha vijana watumishi. Na nyumbani kwa Mgowa ulikuwa kwa Kaggwa. Mapadre waliporudi waliwakuta wakatekumeni wengi kuliko walivyowaacha, watu ambao hawakupata kumwona padri hata siku moja, nao wanajua sala na mafundisho.

Kazi hiyo ilifanyikaje? Kwa Kiganda neno lile lile la kusoma lilitumika pia kwa kusali, na Wakristo waliitwa wasomaji, maana ilikuwa vigumu kumwona mmoja wao pasipo kuona anajifunza au anafundisha. Mafundisho yalikwenda kwa mdomo, tena kwa kurudiarudia: aliyejua Baba Yetu alimfundisha asiyejua, na huyu alipokwisha jua hakuruhusiwa kukaa bure, bali alitafutiwa wa kumfundisha. Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alitaka ukatekumeni uchukue miaka minne, wa hatua kwa hatua. Kwa hiyo katika nyumba moja walikuwamo walioanza juzi na waliokaribia ubatizo. Tena watu hao walikuwa watumishi. Mchana walikuwa mali ya kazi. Nafasi yao ya kufundishwa ilikuwa ile iliyobaki pembeni mwa siku, giza likiisha ingia au kabla halijatoka.

Mmoja wa waliofundishwa na Kaggwa alikuwa Jemusi Buzabalyawo, msaidizi wake katika kupiga ngoma. Ngoma na imani alivipata kwa mwalimu mmoja, katika nyumba moja. Kijana huyo alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ile ile aliyouawa Balikuddembe, wa kwanza wa mashahidi Wakatoliki. Hakungoja siku tulivu zaidi.

Hapa twaomba ruhusa ya kuiacha Buganda kidogo turudi Mutuka, kwa kuwa hatukuanza habari hii ili kuwasimulia watu mambo ya kale tu.

Wengi wakitaka kupanga mafundisho ya nyumbani hufanya kosa moja: huchukua karatasi, wakaandika saa baada ya saa kama ratiba ya shule ya bweni, wakaibandika ukutani. Siku ya tatu mbuzi kapotea, au mgeni kafika, na karatasi ile yageuka kuwa ya kuwashia moto. Si hivyo ndivyo nyumba ya Kaggwa ilivyofanya kazi, wala isingewezekana. Saa za mfalme hazikubadilika. Basi mafundisho yaliwekwa pale saa za mfalme zilipokwisha. Nyumba ya mkulima nayo ina mfalme wake. Kukamua, kuteka maji, kupika: hayo hayahamishwi. Mzazi mwenye busara haanzi kwa kuuliza masomo ni mangapi. Aulize kwanza ni nafasi ipi katika siku ambayo watoto wote wako pamoja na mikono yao haina kazi. Katika nyumba nyingi nafasi hiyo ni moja tu, yaani wakati chakula kikiwa motoni.

Na iwe hiyo. Wakati mama yuko jikoni, mtoto ajuaye kusoma na asome kwa sauti, mama amsikie. Kosa la kusoma lasikika hata na mwenye kusonga ugali. Mtoto wa darasa la sita au la saba na apewe mdogo wake wa darasa la kwanza, amshikie kidole juu ya herufi. Wako wazazi wanaoogopa ya kuwa huyo mkubwa atapoteza muda wake. Wajaribu mwezi mmoja. Mtoto anayemfundisha mwenzake hesabu za kugawanya ndipo yeye mwenyewe huzifahamu, na Wakristo wale wa Buganda hawakuwa na njia nyingine. Mdogo kabisa na afundishwe mbele ya wote, kwa maana ndiye atakayelala mbele ya wote. Makosa ya nyumba nyingi ni kumngojea mpaka baada ya chakula, kisha kumpiga kwa kusinzia. Hilo ni dhuluma, nasi twalisema wazi.

Baada ya chakula ni zamu ya baba. Robo saa yatosha: swali moja la Katekisimu au habari moja ya Injili, kisha Rozari au sehemu yake, na sala ya jioni. Simu iwekwe mbali, ya baba ikiwa ya kwanza. Akina baba wengine husema ya kuwa wamechoka. Hatuna shaka wamechoka. Mkuu wa wapiga ngoma aliyerudi kutoka kuwindisha mfalme naye alikuwa amechoka. Nyumba ambayo baba hayupo, kwa kifo au kwa kazi za mbali, mama asijilaumu. Na amtwike kazi hiyo mtoto wa kwanza au babu aliye karibu, bora saa isihame. Na siku ikivurugika, ivurugike. Kesho yake warudi palepale walipoachia, pasipo kutaka kulipa deni la jana. Jumapili hapana masomo. Kuna Misa, kuna kutembelea jamaa, na ndugu wachezapo pamoja bila kutumwa nao wanajifunza.

Turudi kwa Kaggwa, ambaye siku zake zilikuwa zimekwisha hesabiwa.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Mfalme huyu kijana alimpenda Kaggwa tangu zamani, akamweka karibu naye. Lakini Katikkiro, yaani waziri mkuu, aliyeitwa Mukasa, alikuwa na chuki mbili juu yake. Ya kwanza ni hii: katika mwaka 1885 watu wakuu walifanya njama ya kumwondoa Mwanga, Katikkiro akiwa kati yao, na Wakristo, Kaggwa mmoja wao, wakamwonya mfalme. Tangu hapo ilinenwa ya kuwa Kaggwa atapewa cheo cha Katikkiro. Chuki ya pili ilikuwa ya nyumbani. Watoto wa Katikkiro mwenyewe walikuwa wakifundishwa dini na Kaggwa. Mtu aliyeshika nchi nzima mkononi hakuweza kuvumilia ya kuwa watoto wake wamepata mwalimu mwingine, wala hatusikii popote ya kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuketi nao.

Jioni ya tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi Munyonyo, kwenye jumba lake la kando ya ziwa, kutoka kuwinda viboko, naye ana hasira. Aliuliza habari za Mwafu, mwana wa Katikkiro, aliyekuwa mtumishi wa jumbani, akaambiwa yuko pamoja na Dionisi Sebuggwawo. Kijana huyu alipoulizwa walikuwa wakifanya nini, hakuficha: alikuwa akimfundisha dini. Mfalme akamchoma kwa mkuki, na kesho yake akauawa. Hivyo mateso makubwa ya mwaka 1886, yaliyoishia katika moto wa Namugongo, yaliwaka kwa sababu ya somo la mtoto mmoja. Usiku ule Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa naye, akiwamo Kizito, kwa kuwa hakujua kama asubuhi itawakuta.

Kesho yake, tarehe 26 Mei, Katikkiro alimtaka mfalme amtoe Kaggwa. Mwanga alisitasita, maana alikuwa rafiki yake, mwisho akakubali. Kaggwa akakamatwa, akaletwa mbele ya Katikkiro, akaulizwa kama ndiye aliyewafundisha watoto wake kusali. Akajibu ya kuwa ndiye. Alikuwa na nafasi ya kukana, au ya kusema kwamba walikuja wenyewe, au ya kuahidi kwamba hatawapokea tena. Hakuitumia. Katikkiro akatoa amri auawe, akasema hatakula chakula mpaka aletewe mkono wa mtu huyo, mkono ambao machoni pake ndio uliowapoteza wanawe.

Wauaji wakakawia, wakitumaini kwamba huenda mfalme atageuza neno lake. Kaggwa ndiye aliyewahimiza, akiwaambia wafanye upesi, kwa kuwa bwana wao alikuwa na njaa na anangoja. Wakamkata mkono, ukapelekwa kwa Katikkiro. Kisha wakamkata kichwa, na mwili wakaukatakata. Ilikuwa yapata saa tisa ya alasiri. Umri wake ulikuwa miaka thelathini hivi. Siku nane baadaye, tarehe 3 Juni, msaidizi wake Buzabalyawo alichomwa moto Namugongo pamoja na Karoli Lwanga na wenzao.

Wauaji walimpelekea Katikkiro mkono, wala hapakuwa na mtu wa kumwondolea mwanawe yale aliyokwisha yajua. Wakatekumeni hawakupungua baada ya mateso; waliongezeka, wakifundishwa tena usiku, tena majumbani.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza mashahidi hao kuwa Wenye Heri tarehe 6 Juni 1920. Papa Paulo wa 6 akawatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Maaskofu wa dunia nzima wakiwa wamekusanyika Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso huo ulitoa hati yake juu ya Kanisa, ambayo yaitaja familia ya Kikristo kuwa ni kama Kanisa la nyumbani na yawataka wazazi wawe wa kwanza kuwahubiria watoto wao imani. Na mwaka uliofuata, katika hati juu ya malezi ya Kikristo, ukafundisha ya kuwa wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Huko Kigowa jambo hilo lilikuwa limekwisha fanyika miaka themanini nyuma, bila hati yo yote.

Munyonyo sasa pana kanisa kubwa la mashahidi, karibu na maji ya ziwa. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alifika hapo, na watu aliokutana nao mahali hapo walikuwa makatekista na walimu. Wasafiri wa Hija ya Namugongo kutoka kwetu wanaweza kufika Munyonyo siku hiyo hiyo, wakapaona mahali alipouawa Kaggwa. Nasi twawashauri waende na watoto wao, wale wakubwa wawaeleze wadogo.